Umenunua programu ng'ambo, imekugomea: utamshtaki nani, na wapi?

Chini kabisa ya masharti ya matumizi, pale ambapo mnunuzi ameshachoka kusoma, huwa pana sentensi mbili. Ya kwanza inasema mkataba huu unaongozwa na sheria za mahali fulani: jimbo la Washington au California nchini Marekani, au Ireland, au Singapore. Ya pili inasema mgogoro wowote utasikilizwa na mahakama za mahali hapohapo, na kwamba wewe umeshakubali. Mnunuzi anabofya "Nakubali", kadi inakatwa, programu inapakuliwa, maisha yanaendelea. Siku programu inapogoma kufunguka na kampuni haijibu barua pepe, ndipo sentensi zile mbili zinapotafutwa, na ndipo wengi wanapoishiwa nguvu. Nani atapanda ndege kwenda kudai pesa ya leseni moja?

Kuishiwa nguvu huko kunakuja mapema mno. Sentensi zile si neno la mwisho, na mahakama za nchi kadhaa zimeshazitupa kando. Lakini anayedhani kwamba akishinda kesi nyumbani kwao ndiyo ameshalipwa, naye anajidanganya. Swali la "sheria ya nchi gani" limebeba maswali manne kwa mpigo: nimenunua kwa nani, mahakama ipi ina mamlaka ya kunisikiliza, itatumia sheria ya nani, na hukumu itakaziwa, yaani itatekelezwa, wapi. Majibu yake hayafanani. Inawezekana kabisa mahakama ya kwenu ikakusikiliza, ikaamua kwa sheria ya nchi nyingine, na mali ya kukamata ikawa nchi ya tatu.

Nani hasa amekuuzia?

Tuchukue mfano wa mhasibu aliyelipia programu ya mahesabu kwa mwaka mzima, na wiki ya tatu akaunti ikafungwa bila maelezo. Akifungua tovuti anaona jina la kampuni iliyotengeneza programu. Akifungua masharti anakuta mkataba umeandikwa kwa jina la kampuni tanzu iliyosajiliwa Ireland. Akifungua taarifa ya kadi yake anakuta jina la tatu ambalo hajawahi kulisikia.

Hakuna utapeli hapo. Kampuni nyingi ndogo za programu hazitaki kuhangaika na kodi za kila nchi, kwa hiyo huuza kupitia kampuni ya kati, kama Paddle ya Uingereza au FastSpring ya Marekani. Hiyo ya kati ndiyo muuzaji kisheria: inapokea fedha, inatoza na kulipa kodi ya mauzo, inatoa ankara. Leseni ya kutumia programu, hata hivyo, inatolewa na mtengenezaji. Mhasibu wetu ana mikataba miwili na watu wawili, na huenda kila mkataba una nchi yake. Kwenye duka la programu la Apple mambo ni hivyohivyo: unalipa kupitia Apple, lakini leseni ya kawaida ya duka hilo inaeleza kwamba programu ya kampuni nyingine ina leseni kati yako na kampuni hiyo. Kampuni kubwa nazo hujigawa zenyewe. Adobe, kwa mfano, huwahudumia wateja walio nje ya Amerika Kaskazini kupitia kampuni yake ya Ireland, kwa hiyo mtu anayejiona amenunua kitu cha Marekani anajikuta yuko chini ya sheria ya Dublin.

Ndiyo maana ankara ina thamani kuliko ukurasa wa mbele wa tovuti. Aliyetajwa kwenye ankara ndiye wa kuandikiwa kwanza ukidai fedha. Ukidai programu ifanye kazi, hapo ni zamu ya mtengenezaji.

Mahakama ipi?

Hakuna anayebisha kwamba unaweza kumfuata muuzaji kwao. Ubishi ni kama unaweza kumvuta aje kwenu, na hapa dunia imegawanyika.

Umoja wa Ulaya umeegemea upande wa mlaji waziwazi. Kanuni yake namba 1215 ya mwaka 2012 inamruhusu mlaji afungue shauri mahali anapoishi, hata dhidi ya mfanyabiashara aliye nje ya Umoja, mradi mfanyabiashara huyo ameelekeza shughuli zake kwenye nchi hiyo. Kipengele cha mkataba kilichoandikwa kabla ya mgogoro hakiwezi kumnyima haki hiyo. Basi "kuelekeza" maana yake nini, wakati tovuti yoyote inaonekana popote? Mahakama ya Haki ya Umoja huo ilijibu mwaka 2010, katika mashauri mawili iliyoyaunganisha, moja la safari ya meli ya mizigo na jingine la hoteli ya Austria. Tovuti kuonekana tu hakutoshi. Zinaangaliwa dalili: lugha na sarafu isiyo ya kwa muuzaji, namba ya simu yenye msimbo wa kimataifa, anwani ya tovuti yenye herufi za nchi nyingine, matangazo yaliyolipiwa ili yawafikie watu wa nchi ile. Kampuni iliyokubadilishia bei ikasomeka kwa sarafu yako na kukusalimia kwa lugha yako ina kazi ngumu kudai kwamba haikujua upo.

Marekani imeshika njia nyingine. Mwaka 1991, katika kesi dhidi ya Carnival Cruise, Mahakama ya Juu ilikubali kipengele kilichochapwa kwenye tiketi ya meli ya watalii: abiria wa jimbo la Washington, aliyeumia akiwa safarini, alitakiwa kushtaki Florida, upande wa pili wa nchi. Tiketi ilikuja na masharti, na masharti yalikuwa na nguvu. Tangu hapo mahakama za huko huuliza zaidi kama mnunuzi alikubali kweli kuliko kama alichokubali kilikuwa cha haki. Mwaka 2002 Netscape, kampuni ya programu ya kuvinjari mtandao, ilishindwa kwa hoja hiyohiyo. Kitufe cha kupakua programu kilikuwa juu, masharti yapo chini, na mtu hakuyaona mpaka ateremshe ukurasa. Mahakama ya rufaa ilisema kubofya kupakua hakukuwa kukubali masharti ambayo mtu hakuonyeshwa. Kisanduku cha kuweka tiki kabla ya kulipa kimeenea kwa sababu za namna hiyo. Wanaodhani kimewekwa kwa heshima ya msomaji wana moyo mzuri.

Kanada iko katikati. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko iligoma kuutambua mkataba wa Facebook uliotaka kesi zote zisikilizwe California. Shauri lilihusu faragha na huduma yenyewe ilikuwa ya bure, lakini kipengele kilikuwa kilekile tunachokiona kwenye programu za kulipia. Majaji waliokuwa wengi walitazama pengo la nguvu kati ya kampuni ile na mtumiaji mmoja asiyeweza kujadili hata neno moja la mkataba, wakaona pia kwamba haki ya faragha ina uzito wa kuamuliwa nyumbani.

Haya yote yanamhusu mlaji, yaani mtu aliyenunua kwa matumizi yake binafsi. Mhasibu wetu akiwa amenunua kwa ajili ya ofisi yake, milango mingi inafungwa. Biashara inahesabiwa kuwa mtu mzima aliyesoma alichosaini. Mkataba wa Hague wa mwaka 2005 kuhusu uchaguzi wa mahakama unawataka wanachama wake waheshimu kipengele cha namna hiyo kati ya wafanyabiashara, na umemtoa mlaji nje ya mipaka yake kabisa. Kwa hiyo kisanduku kinachouliza "unanunua kama mtu binafsi au kampuni?", ambacho wengi hukijibu ili tu ankara isomeke vizuri, kinaweza kuwa uamuzi mkubwa kuliko bei yenyewe.

Sheria ya nani?

Hapa ndipo Valve, wenye duka la michezo ya kompyuta la Steam, walipokula hasara. Masharti yao yalichagua sheria ya jimbo la Washington na yalikuwa yakisema fedha zikishalipwa hazirudi. Hawakuwa na ofisi Australia. Mwaka 2014 mamlaka ya ushindani na walaji ya Australia iliwafikisha Mahakama ya Shirikisho ya huko, ikidai kwamba kauli ile inawapotosha wateja, kwa kuwa sheria ya Australia inampa mlaji dhamana ambazo mkataba hauwezi kuzifuta.

Utetezi ulikuwa na ngazi tatu: hatufanyi biashara Australia, mkataba umechagua sheria nyingine, na isitoshe hatuuzi bidhaa bali tunatoa leseni. Ngazi zote zilianguka mwaka 2016. Valve ilikuwa na akaunti za wateja wapatao milioni 2.2 nchini humo na seva zake zilikuwa zimewekwa hukohuko, kwa hiyo biashara ilikuwepo. Uchaguzi wa sheria ya Washington haukuweza kuziondoa dhamana za mlaji. Kuhusu bidhaa, sheria ya Australia ilikuwa imeshaandika wazi kwamba programu ya kompyuta ni bidhaa. Faini ilikuwa dola milioni 3 za Australia, rufaa ya mwaka 2017 ikashindwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo kule ndiyo ya juu kabisa, ikakataa kuisikiliza.

Mantiki ya hukumu hiyo ndiyo ufunguo wa mada yote. Kila nchi ina sheria za aina mbili. Zipo ambazo pande mbili zinaweza kukubaliana kuziweka kando, na zipo ambazo hata mkisaini zinabaki palepale. Kumlinda mlaji huwa kumewekwa kwenye kundi la pili. Ulaya imeandika hivyo kwenye kanuni inayojulikana kama Roma ya Kwanza, ya mwaka 2008: mnaweza kuchagua sheria mnayotaka, lakini uchaguzi huo haumvui mlaji kinga za lazima za nchi anayoishi. Mwaka 2016, katika shauri la chama cha walaji cha Austria dhidi ya Amazon, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliongeza kwamba kipengele kinachomfanya mlaji aamini ni sheria ya Luxembourg peke yake inayotumika, bila kumwambia kwamba kinga za kwao bado zipo, chenyewe ni kipengele kisicho cha haki.

Kinga hizo zina matundu, na tundu moja umelipita mara nyingi bila kulitazama. Ulaya inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo, lakini kwa kitu cha kidijitali haki hiyo inakufa pale mnunuzi anapokubali kupewa mara moja na kukiri kwamba anaipoteza. Ile tiki ya "nataka kuanza kutumia sasa hivi na naelewa sitaweza kughairi" ndiyo hiyo.

Kuna na hili la leseni. Ukishalipia programu, ni yako? Inategemea umesimama wapi. Mahakama ya Haki ya Ulaya ilisema mwaka 2012, katika shauri la UsedSoft na Oracle, kwamba aliyelipa mara moja kwa leseni isiyo na kikomo cha muda amenunua nakala ile na anaweza kuiuza tena, mradi aifute kwake. Miaka miwili kabla ya hapo, mahakama ya rufaa ya Marekani katika shauri la Vernor na Autodesk ilikuwa imesema kinyume: kampuni ikiandika kwamba inatoa leseni tu na ikaweka vizuizi vya kutosha, mnunuzi hamiliki kitu cha kuuza. Swali moja limepewa majibu mawili, na kilichoamua ni nchi ambako kesi ilisikilizwa.

Usuluhishi, na jinsi ulivyowageukia wenyewe

Masharti mengi ya kampuni za Marekani hayakupeleki mahakamani. Yanakupeleka kwa msuluhishi wa kulipwa, na yanakukataza kuungana na wenzako kwenye dai moja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibariki mtindo huo. Kwa mtu mwenye dai dogo, maana yake ni kwamba dai halifunguliwi kabisa. Kanada iliona kesi ya mfano mwaka 2020, pale dereva mmoja aliyefanya kazi kwa programu ya Uber alipoambiwa akasuluhishwe Uholanzi, kwa ada ya kuanzia ya dola 14,500 za Marekani. Mahakama ya Juu ya Kanada ilikifuta kipengele hicho kwa kuwa kilimkandamiza aliyekuwa mnyonge.

Kisha mawakili wa Marekani wakagundua mlango wa nyuma. Kama kila mteja lazima aje peke yake, na kampuni imeahidi kulipia ada za usuluhishi, basi waje maelfu, kila mmoja na dai lake, siku moja. Ada peke yake zikawa mzigo. Septemba 2024 Valve walikiondoa kipengele cha usuluhishi kwenye mkataba wa Steam na kuelekeza migogoro kwenye mahakama za jimbo lao la Washington. Kipengele kilichotungwa kuwazuia wateja kilikuwa kimeanza kuwauma waliokitunga.

Hukumu ikishatoka

Sheria ni msumeno, lakini msumeno wa mahakama unakata ndani ya mipaka ya nchi yake. Tuseme mhasibu wetu ameshinda nyumbani. Kampuni haina akaunti ya benki pale, haina ofisi, haina hata kiti cha kukamatwa. Inabidi aipeleke hukumu ile kwenye nchi ya kampuni na kuiomba mahakama ya kule iitambue, ndipo aikazie. Mahakama hiyo ina maswali yake. Katika nchi nyingi zenye mapokeo ya sheria ya Uingereza, swali la kwanza ni kama mdaiwa alikuwepo kwenye nchi iliyotoa hukumu au alijisalimisha kwa mamlaka yake. Kampuni iliyokaa kimya, isiyotuma wakili wala kujibu hati, inaweza kusema haikufanya lolote kati ya hayo. Kwa hiyo ukimya unaomkera mdai huwa ni ushauri wa wakili mzuri. Kampuni ikija kubishana juu ya dai lenyewe, imeshajisalimisha.

Zipo njia zinazopunguza adha hii. Ndani ya Umoja wa Ulaya hukumu ya nchi mwanachama inakaziwa kwa nyingine bila kuomba tena kibali, na madai ya kuvuka mpaka yasiyozidi euro 5,000 yana utaratibu mwepesi wa fomu. Mkataba wa Hague wa 2019 kuhusu kutambuana hukumu ulianza kazi Septemba 2023 kwa Umoja wa Ulaya na Ukraine, na Uingereza ikaingia Julai 2025, lakini nchi zilizomo bado ni chache. Kinachoshangaza ni kwamba tuzo za usuluhishi, yaani maamuzi ya wasuluhishi, zinasafiri vizuri zaidi kuliko hukumu za mahakama: Mkataba wa New York wa mwaka 1958 una nchi zaidi ya 170.

Sasa itazame tena kesi ya Valve. Walilipa kwa sababu walikuwa na soko la mamilioni ya wateja ambalo hawakutaka kulipoteza, na aliyewashtaki alikuwa mdhibiti wa serikali mwenye mawakili na muda. Mteja mmoja asingefika huko. Kampuni hutii mahali ambapo ina kitu cha kupoteza, ndiyo maana swali la nne, la kukazia, ndilo ningeanza nalo kabla ya kusoma kifungu chochote.

Kuna nguvu nyingine isiyoulizwa na mnunuzi wala muuzaji. Oktoba 2019 Adobe waliwatangazia wateja wa Venezuela kwamba akaunti zao zinafungwa kutokana na amri ya rais wa Marekani, na mwanzoni wakasema hata fedha hazitarudishwa. Baadaye walisema watarudisha, kisha wakapata kibali cha serikali ya Marekani cha kuendelea na huduma. Wateja wale walikuwa hawajavunja kifungu chochote. Sheria ya nchi ya muuzaji humfunga muuzaji popote alipo mteja, na hakuna kipengele cha kumlinda mlaji kinachoizidi nguvu.

Kabla ya wakili

Kwa dai la ukubwa wa leseni moja, njia yenye meno ni ile fedha ilikopitia. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake ibatilishe malipo kwa sababu hakupata alicholipia. Kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida hutoa siku 120 hivi kufanya hivyo, na benki nyingine hufupisha muda huo, kwa hiyo anayesubiri kampuni imjibu kwa miezi sita anajimaliza mwenyewe. Hapo hakuna suala la mamlaka: benki yako iko kwenu, benki ya muuzaji iko kwao, na zote mbili zimefungwa na kanuni za mtandao mmoja wa malipo. Aliyelipa kwa uhamisho wa benki au kwa sarafu za kidijitali hana mlango huo.

Benki itataka karatasi, si hasira. Ankara yenye jina la muuzaji, picha ya ukurasa wa bei na ahadi kama ulivyokuwa siku ya kununua, nakala ya masharti ya siku ile (hubadilishwa bila kengele), ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini, na barua pepe moja uliyomwandikia muuzaji ukieleza tatizo, ukitaja kiasi unachodai na kumpa tarehe ya kujibu. Barua hiyo ielekezwe kwa yule aliyetajwa kwenye ankara, na nakala iende kwa mtengenezaji. Angalizo moja: duka linaweza kuifunga akaunti nzima ya mteja aliyebatilisha malipo, pamoja na programu nyingine zote alizonunua humo. Mwenye programu moja hana cha kuhofia sana. Mwenye maktaba ya miaka kumi kwenye akaunti ileile aanze kwa kuomba kurejeshewa fedha kwa utaratibu wa duka, kisha alalamike kwa mamlaka ya walaji ya nchi yake, na benki aiache iwe ya mwisho.